Mswidi wa Mume Wangu

"Mume wangu ana mwanamke Uswidi," nilimwambia Jennifer.

Tulikuwa tunatandika vitanda kwenye nyumba ya wazee tunakofanya kazi, Woolwich, hapa London. Jennifer ni Mkisii, ana mdomo, na siri ukimpa huwa anaishika kwa mikono miwili kisha anaiangusha. Aliacha foronya nusu imevaa mto.

"Dada, Linus? Linus huyu wako wa cardigan?"

"Huyo huyo."

"Umempata kwa simu?"

"Hakuna simu. Wanaandikiana barua."

Jennifer alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Barua? Na stempu? Mama Natasha, hiyo si affair, hiyo ni museum!"

Nilinuna shifti nzima. Mtu akicheka wivu wako anakuacha nao peke yako, na wangu ulikuwa tayari umeshakula na kushiba kwa mwaka mzima. Nilikuwa na wivu. Sitaupamba. Nilikuwa na wivu wa kuamka nao na kupanda nao basi.

Sasa nikueleze Linus ni nani, usije ukadhani ni mmoja wa wale wazee wanaopaka rangi nywele. Linus ni mtu wa posta. Nasema mtu wa posta jinsi wengine wanavyosema mtu wa Mungu. Alianza ukarani kwenye Posta ya Meru mjini akiwa na miaka ishirini na mbili, na tulipokuja London mwaka 2002 na kupangiwa fleti Thamesmead, alifagia maghala na kusukuma vitoroli vya supamaketi huku roho yake iko kwingine. Hakutulia mpaka alipopata kazi kwenye chumba cha barua cha ofisi ya mawakili kule Harrow. Mwenye ofisi ni mzee Ranjan, Mhindi wa kuzaliwa Kisumu. Linus anasema aliulizwa swali moja tu kwenye intavyuu, nalo aliulizwa kwa Kiswahili: "Bwana, Posta ya wapi?" Aliposema Meru, mzee Ranjan akampa mkono.

Thamesmead hadi Harrow ni kuivuka London yote, kutoka pembe hadi pembe. Basi mpaka Abbey Wood, treni, halafu Metropolitan line. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, kwa miaka kumi na tisa. Nilimwambia mara nyingi atafute kazi ya karibu, hata ya ulinzi. Akanijibu kwamba ulinzi ni kukaa, lakini barua zina mahali zinapokwenda.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja ambayo hata watoto wa jirani wanaijua: barua ni ya mwenye jina. Mama yangu alipofariki nikaenda Meru wiki tatu, bili ya gesi ilikuja kwa jina langu. Linus aliiona. Aliiona kila siku pale mezani, ina maandishi mekundu, na hakuigusa. Nilirudi nikakuta gesi imekatwa na mtu amevaa koti jikoni. Na Natasha, binti yetu, alipokuwa na miaka minane alifungua kadi yangu ya siku ya kuzaliwa. Baba yake alimketisha akamhubiria. Natasha anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, basi akasema, "Dad, it's just a card."

"Hakuna just katika posta," Linus akamwambia.

Huyo ndiye mume wangu. Kwa hiyo elewa: mtu kama huyu akianza kuandikiana na mwanamke, si mchezo. Kwake barua ni jambo zito kuliko kulala nje.

Ilianza Januari ya mwaka jana. Alirudi kutoka kazini akiwa na karatasi aliyoibandua kwenye boksi fulani la ofisini, akaiweka karibu na sahani yangu.

"Mama Natasha, soma hapo."

Palikuwa na neno limechapwa kwa herufi ndogo: postnummer.

"Umeelewa?"

"Si namba ya posta?"

"Nani amekufundisha Kiswidi?"

"Hakuna mtu."

"Basi!" Akapiga meza. Linus hapigi meza. "Hujawahi kufika Uswidi, humjui Mswidi, na umelielewa. Nataka kujua nani aliyaunganisha maneno haya mawili mara ya kwanza."

Natasha, aliyekuwa amekuja kula, akamwambia aulize simu. Linus alijaribu. Akasema simu inakujibu kabla hujamaliza kuuliza na yeye hapendi mtu wa namna hiyo. Alitafuta mpaka akapata anwani ya chama kidogo cha wastaafu wa posta wa huko, akakaa mezani Jumamosi mbili, akaandika.

Akajibiwa na Gunvor.

Barua ya kwanza alinisomea yote, akitafsiri anapoona Kiingereza cha mama huyo kimejikwaa. Gunvor alieleza kwamba post ni neno lililotoka mbali, Kilatini, likiwa na maana ya kitu kilichowekwa mahali. Zamani za farasi, vituo ambapo farasi wapya waliwekwa wakimngoja mjumbe vilipata jina hilo. Waitalia wakalibeba, wakaja Wafaransa, wakaja Wajerumani, mwisho likapanda mpaka kaskazini kwao. Nummer nalo ni la Kilatini, likapitia kwa Wajerumani vilevile. Waswidi wana mazoea ya kushikanisha maneno bila kuacha nafasi katikati, kwa hiyo hapakuhitajika fundi. Nani aliyekuwa wa kwanza, hakujua, na hakuona haya kusema hajui. Alichokijua ni kwamba neno liliingia midomoni mwa watu wote mwezi wa Mei 1968, namba zenye tarakimu tano zilipoanza nchi nzima. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, msichana wa miaka kumi na minane, na anakumbuka wazee mitaani wakimgombeza kwamba nyumba zao zina majina na hawataki kuitwa kwa hesabu.

"Unaona?" Linus alisema. "Neno letu posta na lao ni ukoo mmoja. Limetembea huku na huku, tumekutana nalo Thamesmead."

Nilisema nimeona. Nilichokiona hasa ni uso wake. Uso ule sikuwa nimeuona tangu Natasha azaliwe, na nilijiuliza kwa nini umetolewa kabatini kwa ajili ya namba.

Barua ya pili hakunisomea. Wala ya tatu. Zikawa zinakuja kila baada ya wiki mbili, bahasha ya rangi ya maziwa, mwandiko umelala upande mmoja. Linus alizisoma amesimama dirishani, akizikunja polepole, akizitia kwenye boksi la viatu. Siku moja ikaanguka picha. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe, amesimama na baiskeli, amevaa kaptula. Miaka sabini na minne! Na mimi hamsini na nane, nikawa naiangalia miguu yake. Ilikuwa miguu ya mtu aliyepeleka barua kwa baiskeli miaka arobaini na mitatu, imara, haina mshipa hata mmoja. Yangu imesimama kwenye shifti za masaa kumi na mawili. Nilirudisha picha ndani ya boksi, kichwa chini.

Lakini si miguu iliyoniuma. Nitakuambia kilichoniuma.

Katika maisha yangu yote na Linus, Linus hajawahi kuniandikia barua. Hata moja. Hata kikaratasi cha "nimetoka kidogo." Wasichana wenzangu walichumbiwa kwa barua zenye manukato na maua pembeni. Mimi nilichumbiwa na mtu aliyezishika barua za mji mzima, na sikupata hata mstari. Mfinyanzi hulia gaeni.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji, na kila Ijumaa nilitumwa na ufunguo kuchukua barua za shule. Visanduku vya Posta ya Meru vilipangwa ukutani nje. Wewe unafungua kwa mbele, lakini nyuma viko wazi, karani anatia barua kutoka ndani. Kwa hiyo mimi na Linus tulijuana kwanza kwa mkono. Nilifungua sanduku nikaona vidole upande wa pili, na sauti ikasema, "Leo mna tatu, mwalimu," au, "Hakuna kitu leo, mwalimu." Ijumaa moja nilikuwa nalia pale nje kwa jambo langu. Mkono ukapita ndani ya sanduku la shule mpaka upande wangu, umeshika leso. Leso safi, imepigwa pasi. Nilimpenda kuanzia pale, kabla sijamwona uso vizuri. Tulioana Desemba 1989, nikajiambia mtu wa vitendo hana haja ya kalamu.

Kumbe kalamu alikuwa nayo. Kalamu ya wino, mpya, aliinunua Harrow kwa ajili ya Gunvor. Alikaa mezani akiandika kurasa nne, akikata, akirudia. Kuna Jumapili nilimkuta amefumba macho anatafuta neno. Kutafuta neno kwa ajili yake! Nilipakua wali nikauweka juu ya karatasi.

"Mama Natasha, barua."

"Sikuiona."

Nilimuuliza waziwazi mwezi wa Februari. "Baba Natasha, mnaandikiana nini na huyo mama?"

"Maneno tu."

"Maneno gani?"

"Ya posta."

Na akavua miwani. Linus hajui kudanganya. Akitaka kudanganya lazima avue miwani kwanza, nadhani ili asikuone vizuri. Alikuwa anastaafu mwishoni mwa Aprili. Nilijua wanaume wa huku wakistaafu hupatwa na mambo: mwingine hununua boti, mwingine hurudi kwao kujenga, mwingine huondoka na mtu. Nikaanza kumwona Linus amevaa cardigan yake kwenye theluji, anasukuma baiskeli.

Jennifer, ambaye sasa alikuwa ameacha kucheka, alinipa ushauri tukila chakula cha mchana. "Mume akikuficha simu, dada, hiyo ni normal. Akikuficha bahasha, hapo lazima ufungue."

"Sifungui barua ya mtu."

"Basi kaa hapo na manners zako, Gunvor atakuja kuchukua hata sufuria."

Barua ilikuja Jumamosi asubuhi. Linus alikuwa ameenda sokoni Woolwich kununua managu, mboga za kwetu, na kupitia kwa kinyozi. Nilisikia mlango wa barua ukigonga, nikaenda, nikaiona pale kwenye zulia: rangi ya maziwa, mwandiko wa kulala. Niliiokota nikaiweka mezani. Nikaosha vyombo. Nikarudi nikaigeuza. Nikaenda kufua. Nikarudi.

Sikutumia mvuke wa birika kama wezi wenye adabu. Niliichana.

Ilianza na "Dear Linus." Mimi humwita dear kila mzee ninayemwogesha, lakini ile dear ya Gunvor ilinichoma kifuani. Nikasoma huku nimesimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kueleweka, mistari michache tu safari hii. Alisema hivi:

"Nimeuliza tena kuhusu ile namba ya posta ya Uppsala. Ilikuwa ya hosteli ya wanafunzi, na jengo lilibomolewa zamani. Jina la Griffins silioni popote ninapojua kutafuta, kwa hiyo huwezi kumrudishia aliyeituma. Nimebeba barua maisha yangu yote, nikuambie ninachokijua. Barua uliyoificha tangu 1987 imebaki na njia moja, nayo ni kwa mkeo. Jina lililoandikwa juu ni lake. Mpe kabla hujastaafu. Kama unaogopa, mpe ukiwa unaogopa hivyo hivyo."

Nilikaa chini.

Griffins. Mtu huyo sijamtaja kwa sababu nilikuwa nimemzika, na maiti haitajwi tajwi. Griffins alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, mwalimu mwenzangu, mtu wa kucheka kwa sauti na kunyoa ndevu kila siku. Tulikuwa na mipango. Januari 1987 alipata skolashipu kwenda Uswidi, akaniambia nitamfuata. Barua zake mbili zilinifikia, moja Februari na moja Aprili. Halafu kimya. Nilimwandikia mara nne, kimya. Kila Ijumaa nilifungua sanduku la shule, na kila Ijumaa sauti ikasema, "Hakuna kitu leo, mwalimu." Iliendelea hivyo mpaka Machi 1989. Ndiyo maana nililia pale ukutani siku ile ya leso. Nililia kwa sababu ya Griffins, na aliyenipa leso alijua ninalilia nini.

Linus aliingia na mfuko wa managu, kichwa kimenyolewa, akiimba kidogo kidogo wimbo wa kanisani. Akaniona. Akaiona bahasha. Karibu miaka arobaini ya kushika barua: hakuhitaji kuambiwa imefunguliwa na nani, wala saa ngapi.

"Umeifungua," alisema.

"Nimeifungua. Na wewe yangu umeiweka wapi?"

Nilitegemea avue miwani. Hakuivua. Alisimama pale na mfuko wake, akanitazama moja kwa moja.

"Iko na pasipoti," alisema.

"Ilete."

Aliileta. Aerogramu, ile karatasi ya buluu nyepesi inayokunjwa ikawa barua na bahasha yake humo humo. Jina langu juu, la ujana, na sanduku la posta la shule. Nyuma, mahali pa mtumaji, jina la Griffins, na chini yake mstari uliochapwa na wenyewe huko, mahali pa kujaza namba: postnummer. Kumbe Linus hakuliona neno lile kwa mara ya kwanza kwenye boksi la ofisi. Alilijua tangu akiwa kijana mwembamba Meru, na ameishi nalo miaka thelathini na saba. Gundi ilikuwa haijaguswa.

"Hukuifungua," nilisema.

"Haikuwa yangu."

"Kuiba ukaweza, kufungua ukashindwa?"

"Makena," alisema. Linus huniita Mama Natasha. Makena niliisikia mara ya mwisho kanisani siku ya harusi, mchungaji akimfundisha cha kusema. "Zile mbili za kwanza nilikutilia mwenyewe. Ya kwanza ulipoisoma pale nje ulicheka. Ya pili ulibusu karatasi. Mimi niko nyuma ya ukuta, nakuona kupitia kisanduku. Ilipokuja ya tatu nikasema itakaa siku moja. Siku moja tu nisikuone ukiibusu."

"Halafu?"

"Halafu ikawa na muhuri wa siku iliyofika, mwezi wa Oktoba. Ningekutilia Jumatatu, ungesoma tarehe, ungejua. Wiki ikapita. Nikasema nitairudisha kwa mtumaji. Lakini ukirudisha lazima upige muhuri wa sababu. Hajulikani. Amehama. Amekataa kuipokea. Hakuna hata moja iliyokuwa kweli. Ulikuwa unajulikana. Ulikuwa hujahama. Ulikuwa unakuja kila Ijumaa kuniuliza. Ningepigaje muhuri wa uongo?"

Sikujua nicheke au nimrushie birika. Huyu ni mtu aliyeniibia barua, akaniona nikilia mwaka na nusu, akanioa, akanizalisha, akanileta nchi ya baridi, na kilichomzuia kusafisha kosa lake ni kwamba hakutaka kuudanganya muhuri.

"Na leso?" nilimuuliza. "Siku ile ulinipa leso ukiwa na barua yangu wapi?"

"Mfukoni."

Nilikasirika. Niseme wazi, nilikasirika kwa ajili ya yule msichana aliyetembea maili nne kila Ijumaa na ufunguo. Na chini ya hasira hiyo, Mungu anisamehe, palikuwa na kitu kingine kinachopanda. Linus, ambaye hafungui bili ya gesi hata akifa kwa baridi, alivunja sheria yake moja maishani, na aliivunja kwa sababu yangu. Alikuwa na wivu. Mtu huyu niliyedhani hana hata chembe.

"Nilimwomba Gunvor anitafutie aliyeituma," alisema. "Nilitaka nistaafu nikiwa mikono mitupu. Nilianza na swali la neno kwa sababu sikujua namna ya kuanza na hili. Lakini swali lenyewe nilikuwa nalo kweli."

"Nipe kisu."

Akanipa kisu kidogo cha jikoni. Nikaipasua pembeni, upande mmoja, wa pili, wa tatu, jinsi aerogramu inavyotaka. Linus alibaki amesimama ng'ambo ya meza. Hakujaribu kuchungulia. Karatasi ilikuwa nyembamba hivi kwamba mwanga wa dirisha ulipita, na angetaka angeona maneno kwa nyuma, lakini aliangalia managu.

Griffins aliandika nusu ukurasa. Baridi imeanza. Masomo ni magumu. Halafu akasema ni vyema nisikie kutoka kwake mwenyewe: amekutana na mwanamke wa pale, wamekubaliana kuishi pamoja, nami nisimngoje. Alinitakia maisha mema. Alisema niwasalimie walimu wote.

Nikasoma mara mbili. Basi ilikuwa kweli. Siku zote hizo nilikuwa nikimwambia Jennifer kwamba kuna Mswidi aliyeninyang'anya mwanamume, na nilikuwa sahihi. Nilikuwa nimekosea mwanamume tu, na nimechelewa miaka thelathini na saba.

Na tazama kazi ya wivu. Linus angenitilia barua hii siku ile ilipofika, ningelia wiki moja, mbili zikizidi, halafu ningeinua kichwa na kukuta mtu mpole nyuma ya visanduku. Kwa kuificha alinifanya nimngoje Griffins miezi kumi na saba zaidi, na yeye mwenyewe akaningoja miezi kumi na saba hiyo hiyo, akiwa na dawa mfukoni. Alimlinda mpinzani ambaye alikuwa ameshajiondoa.

"Anasema nini?" Linus aliuliza.

Nilirudisha kisu kwenye droo.

"Alikuwa anataka uende kwake?"

Nilimtazama. Mzee wa miaka sitini na mitatu, amenyolewa upya, sikio moja lina povu kidogo la sabuni ya kinyozi. Nilikunja karatasi ya buluu nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Ndiyo," nilisema. "Alikuwa ameshauliza bei ya tiketi."

Kichwa chake kiliinama taratibu. Hakujitetea. "Ungeenda?"

"Ningeenda."

Na hilo halikuwa uongo. Angeniita, ningeenda na viatu vya kuazima.

Linus alivuta kiti akakaa. Akaanza kuchambua managu bila kuangalia, akitupa majani mazuri na kuacha vijiti. Halafu akainua uso.

"Na akitokea sasa?"

"Sasa hivi?"

"Watu hutafutana siku hizi. Huko kwenye Facebook. Akikutafuta sasa, Makena, utasemaje?"

Nilimwambia nitafikiria.

Leo ni siku ya nne. Linus hunisindikiza mpaka kituo cha basi na kusubiri mpaka liondoke. Simu yangu ikilia anauliza ni nani, halafu anaona haya kwamba ameuliza. Jana alinunua maua, akashindwa kuyatoa mfukoni mpaka nikayatoa mwenyewe. Gunvor ameandikiwa ukurasa mmoja wa shukrani, akanipa niusome kabla ya kuufunga, na nikaona mama wa watu ni mtu mwema tu. Usiku uliopita, sijui aliota nini, alinishika mkono akiwa usingizini akaung'ang'ania.

Najua ni dhambi kumwacha na wivu huo. Jennifer amesema nimwambie mzee ukweli kabla presha haijapanda, na nitamwambia. Nitampa ile karatasi aisome mwenyewe, ajue kwamba hakumwibia mtu yeyote isipokuwa nafsi yake. Nilikuwa nimepanga kumwambia leo akitoka Harrow. Lakini asubuhi, pale kituoni, alinifunga kifungo cha juu cha koti, akaangalia huku na huku barabarani kama anayetafuta mtu atakayekuja kunichukua, na basi likafika, nikapanda bila kusema kitu.